Geji ya Oili: Tuiamini Wakati Gani?



Tukitembelea vikundi tunakuta vingi vina injini ya aina fulani. Wengine wana pikapu ya kupeleka kabichi sokoni, wengine mashine ya kusaga mahindi, wengine pampu ya kuvuta maji mtoni. Injini hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilinunuliwa kwa pesa za mzunguko, kwa harambee, na pengine kwa mkopo ambao mpaka leo unalipwa. Kwa hivyo injini ikifa, si chuma peke yake kinachokufa. Tumeona kikundi kikivunjika, watu wakilaumiana hata kanisani hawasalimiani, kwa sababu ya injini moja tu.

Sasa, mbele ya dereva kuna kifaa kidogo ambacho kazi yake ni kutuonya kabla injini haijafa. Katika magari mengine ni geji yenye sindano. Katika mengine ni taa nyekundu tu, yenye picha ya kopo la oili lenye mdomo mrefu linalodondosha tone. Tunakitazama kila siku bila kujua kinapima nini, na kikituambia jambo hatujui tuamini au tupuuze. Tuanze na hasara mbili, moja ya wenzetu na moja yetu wenyewe.

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na pikapu ya dizeli iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Taa ya oili ikaanza kuwaka ovyo hata injini ikiwa salama. Fundi wa jua kali akaangalia, akasema swichi ya oili imeharibika, na katika hilo alikuwa sawa. Lakini badala ya kuweka swichi mpya, aliuchomoa waya na kuufunga kando. "Sasa haitawasumbua tena, mama," akasema. Akina mama wakashukuru. Miezi mitatu baadaye walibadilisha oili, na ile nati ya kumwagia oili chini ya injini haikukazwa vizuri. Siku ya soko, gari likiwa limejaa mizigo, oili ilimwagika kidogo kidogo njia nzima. Hakuna taa iliyowaka, kwa maana waya haukuwapo. Dereva alisikia ko-ko-ko akipanda mlima, akadhani ni mzigo. Halafu injini ikakwama. Beringi zilikuwa zimeungua na krenki, ile shafti nzito inayozunguka chini ya injini, ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Pikapu hiyo ilikaa zaidi ya mwaka kando ya ghala ya mwanachama mmoja, kuku wakitagia ndani.

Hasara ya pili ni yetu. Gari la ofisi lilikuwa na geji yenye sindano. Siku moja sindano ilianguka karibu na sifuri na ikabaki hapo. Tukalivuta gari mpaka gereji moja, tukaambiwa beringi zimekwisha, lazima injini ifunguliwe. Ikafunguliwa. Tukanunua beringi, tukanunua pampu ya oili, tukalipa kazi ya siku nyingi. Injini ilipowashwa, sindano ilikuwa pale pale kwenye sifuri! Ndipo mzee mmoja fundi alipokuja, akafungua kijifaa kilicho ubavuni mwa injini kinachotuma habari kwa geji, akaweka kingine, na sindano ikapanda. Kumbe oili ilikuwa na presha yake tangu mwanzo. Jina la gereji hatulitaji, maana na sisi tulikosa. Tulilipa bila kuuliza hata swali moja.

Wale walipoteza kwa kunyamazisha kifaa, sisi tukapoteza kwa kukiamini haraka bila kukipima. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ndilo baya zaidi, na tutaeleza kwa nini.

PRESHA YA OILI NI KITU GANI?

Ndani ya injini vyuma havitakiwi kugusana. Krenki inapozunguka ndani ya beringi zake, huelea juu ya utando mwembamba wa oili, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikosekana kwa muda mfupi tu, chuma husugua chuma, moto mkali hutokea, na beringi, ambazo zimetengenezwa kwa madini laini, huyeyuka.

Oili hukaa chini ya injini katika chombo kama karai, kinachoitwa sampu. Pampu inayozungushwa na injini yenyewe huinyonya kupitia kichujio cha waya, huisukuma kupitia filta, halafu huipeleka katika njia ndogo zilizotobolewa ndani ya chuma mpaka kwenye beringi. Kutoka hapo oili hudondoka tena katika sampu, na safari inaanza upya.

Wale walio katika miradi ya maji wataelewa jambo hili kwa urahisi. Fikiria bomba linalotoka kwenye pampu na kupeleka maji katika nyumba ishirini. Presha haitokani na pampu peke yake. Inatokana na pampu kusukuma huku mifereji ikizuia. Mifereji yote ikifunguliwa pamoja, au bomba likitoboka mahali pengi, presha inashuka hata kama pampu ni nzima. Injini ni hivyo hivyo. Beringi zikilika, nafasi huwa kubwa, oili hupita ovyo, na presha hushuka. Ndiyo maana injini iliyozeeka huonyesha presha ndogo.

Lakini angalia upande wa pili pia. Ukiziba mwisho wa mpira wa maji kwa kidole gumba, presha ndani ya mpira inapanda huku maji yanayotoka yanapungua. Kwa hivyo geji ikionyesha juu sana, usifurahi tu. Inawezekana oili ni nzito mno, au njia imezibwa mbele ya mahali geji inapopimia, au vali ya kupunguza presha imekwama. Kila pampu ya oili ina vali hiyo yenye springi: presha ikizidi kiasi, vali hufunguka na oili ya ziada hurudi katika sampu.

Hapa tunasisitiza. Geji haipimi oili ni kiasi gani. Daktari akikupima presha ya damu mkononi hajui una lita ngapi za damu mwilini. Geji nayo haijui sampu ina lita tatu au sita. Oili ikipungua pole pole, geji huendelea kuonyesha vizuri mpaka siku ile pampu inaponyonya hewa, na hapo sindano huanguka kwa ghafla. Dereva anayesema "oili iko, si unaona geji?" anajibu swali ambalo geji haikuulizwa. Kiasi cha oili hupimwa kwa kile kijiti, dipstiki, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache.

GEJI YA BOMBA NA GEJI YA UMEME

Geji ya zamani zaidi haina umeme hata kidogo. Ilibuniwa na Mfaransa mmoja, Eugène Bourdon, aliyepewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1849. Wakati huo shida ilikuwa mitungi ya mvuke, ambayo ililipuka na kuua watu kwa sababu haikuwa rahisi kujua presha iliyo ndani.

Wazo lake ni rahisi. Mpira wa maji uliolala umejikunja, ukifungua mfereji kwa nguvu, hujinyoosha wenyewe. Ndani ya geji kuna kijibomba cha chuma kilichobanwa kidogo na kukunjwa kama mundu. Mwisho mmoja umezibwa na mwingine umeunganishwa na oili ya injini. Presha ikiingia, kijibomba hutaka kunyooka, ncha yake husogea kidogo sana, na vijigurudumu vyenye meno hugeuza msogeo huo mdogo kuwa mzunguko wa sindano. Geji za namna hii utazikuta pia kwenye mitungi ya gesi ya mafundi wa kuchomelea, na kwenye chombo cha kuchemshia vifaa vya zahanati.

Katika gari, geji hii huletewa oili yenyewe kwa kijibomba chembamba kutoka kwa injini mpaka mbele ya dereva. Ni ya kutegemewa kuliko zote, kwa kuwa hakuna waya wala batri ya kuidanganya. Ubaya wake ni kwamba kijibomba kikipasuka, oili ya moto humwagikia miguu ya dereva na injini hupoteza oili. Basi kila mara fundi akague kwamba hakisuguliwi na chuma chochote.

Geji za umeme ndizo nyingi. Ubavuni mwa injini hufungwa senda, kile kijifaa kilichotugharimu sisi. Ndani yake kuna kiwambo kama ngozi ya ngoma. Presha hukisukuma, nacho husogeza kidole cha chuma juu ya waya unaozuia umeme. Presha ikibadilika, umeme unaopita hubadilika, na sindano kule mbele hufuata. Katika geji nyingi za zamani sindano husukumwa na bamba la metali mbili zilizobandikwa pamoja, ambalo hupinda likipata joto la umeme. Ndiyo sababu sindano nyingine hupanda pole pole baada ya kuwasha gari. Hiyo si shida ya injini.

Sasa hesabu mahali ambapo uongo unaweza kuingia. Kiwambo kuchoka. Waya kulegea au kuota kutu. Mahali umeme unaporudi kupitia chuma cha injini pakiwa na uchafu. Tumewahi kuona fundi akizungushia senda tepu nyeupe ya mabomba ili isivujishe, na tepu ikazuia umeme kurudi, geji ikasema uongo siku hiyo hiyo. Waya ukikatika kabisa, sindano huanguka sifuri au hupanda mpaka mwisho, kutegemea aina ya geji. Na katika magari mengine ya zamani, hasa ya Kiingereza, kulikuwa na kijifaa kimoja cha kutuliza umeme kinachohudumia geji kadhaa kwa pamoja. Ukiona geji ya oili, ya petroli na ya joto zote zimeanza kusema mambo ya ajabu kwa siku moja, kwanza shuku umeme. Si rahisi vitu vitatu viharibike saa moja.

TAA NYEKUNDU

Gari nyingi ndogo hazina sindano, zina taa tu. Taa huongozwa na swichi ya oili, ambayo inajua mambo mawili: presha iko, au haiko. Kwa kawaida huwasha taa presha ikishuka mpaka karibu pauni 5 kwa kila inchi mraba, zile ambazo geji huandika PSI. Hiyo ni presha ndogo mno. Gari likikimbia barabarani kwa kawaida huwa na mara kadhaa ya hiyo. Maana yake ni kwamba taa haisemi "shida inakuja." Inasema shida imeshafika. Dereva akiiona inawaka huku gari likienda, hana wakati wa kufika kituo kinachofuata.

Jambo la kujifunza kila asubuhi ni hili. Ufunguo ukifunguliwa kabla injini haijawashwa, taa ya oili lazima iwake, kwa sababu hapo hakuna presha. Injini ikiwaka, taa izime baada ya sekunde chache. Ikiwa haiwaki kabisa ufunguo ukiwa umefunguliwa, basi globu imeungua, au waya umekatwa, au swichi imekufa, na hiyo taa haitawaonya kamwe. Wale akina mama wa pikapu wangaliijua habari hii moja, wangaligundua siku ya kwanza kwamba onyo lao limezibwa mdomo.

Wanaonunua gari lililotumika wasikie zaidi. Mwuzaji mjanja anaweza kutia oili nzito ili sindano ipande siku ya kuonyesha gari. Anaweza hata kuunganisha waya wa taa ya oili na wa taa ya chaji, ili ziwake na kuzima pamoja kana kwamba ni nzima. Basi msilikague gari likiwa baridi peke yake. Liendesheni nusu saa, lipande mlima, injini ipate moto kabisa, ndipo mtazame geji likisimama na kunguruma pole pole. Na fundi wenu achomoe waya wa swichi ya oili injini ikiwa imewaka: taa ikae imezima. Kisha auguse waya huo kwenye chuma cha injini: taa iwake. Kazi hiyo ni ya dakika mbili.

GEJI INAYOJIFANYA GEJI

Kuna jambo jingine ambalo liliwashangaza wengi. Magari mengine yana sindano, lakini nyuma yake kuna swichi tu kama ya taa. Kampuni ya Ford huko Marekani ilianza kufanya hivyo katika magari yake mengi mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mazda ikafanya hivyo katika gari lake dogo la MX-5 kuanzia modeli ya 1995. Presha ikiwa juu kidogo ya ile ya kuwasha taa, sindano hukaa katikati na kutulia hapo hapo, injini ikiwa baridi au moto, ikikimbia au ikinguruma tu. Wenye magari walikuwa wakienda gereji kulalamika kila sindano ikishuka kidogo likiwa jambo la kawaida, basi watengenezaji wakaona heri wawape sindano isiyowatia wasiwasi. Maoni yetu ni kwamba hiyo si heshima kwa mwenye gari. Ni afadhali watu wafundishwe.

Kujua kama yenu ni ya namna hiyo si vigumu. Geji ya kweli haitulii. Asubuhi injini ikiwa baridi huonyesha juu. Injini ikipata moto hushuka. Ukikanyaga mafuta hupanda, ukiachilia hushuka. Sindano ambayo haijawahi kusogea tangu mnunue gari, ichukueni kuwa ni taa iliyovaa nguo za geji.

JE, NAMBA ZAKE NI ZA KWELI?

Swali hili tunaulizwa sana. Jibu ni kwamba geji ya gari si mizani ya duka la dhahabu. Pauni tano juu au chini si jambo la kukosesha mtu usingizi. Gari mbili za aina moja, zenye umri mmoja, zinaweza kuonyesha tofauti.

Joto nalo linabadilisha mambo. Oili baridi ni nzito kama uji uliolala, oili ya moto ni nyepesi. Asubuhi kule Timboroa au Kinangop sindano inaweza kuonyesha 60, na gari hilo hilo, likiwa limeteremka na kusimama mchana kwenye joto la Voi, likaonyesha 15 au 20 likinguruma tu. Injini ni ile ile, haijaugua. Mafundi wengi hutumia kipimo cha haraka kwamba injini ikiwa moto iwe na angalau pauni 10 kwa kila mzunguko 1,000 wa injini kwa dakika. Hiki ni kipimo cha kukisia. Kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kufuata. Vitabu vya injini kadhaa za Toyota, kwa mfano, hutaka isipungue kilo 0.3 kwa sentimita mraba injini ikinguruma pole pole, ambayo ni kama pauni 4 tu, na isipungue kilo 2.5, yaani kama pauni 36, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Mwaona, ukipimia likiwa limesimama peke yake unaweza kuogopa bure.

Angalieni pia geji yenu inaandika kwa kipimo gani. Ya Kijapani mara nyingi huandika kilo kwa sentimita mraba, nyingine huandika ba, nyingine kilopaskali. Ba moja ni kama pauni 14 na nusu, na ni kilopaskali 100. Tulishuhudia kamati ikibishana jioni nzima kwamba gari lina presha ya 4 tu. Ilikuwa 4 ya kilo, ambayo ni karibu pauni 57. Gari lilikuwa na afya kuliko kamati.

Zaidi ya namba, kinachosaidia ni mazoea ya gari lenu wenyewe. Kama kila siku likiwa moto kwenye mwendo wa kawaida sindano husimama mahali fulani, na wiki hii imeshuka, hiyo ni habari hata kama namba bado ni nzuri. Sindano ikianguka kwenye kona au wakati wa kufunga breki halafu ikarudi, kwa kawaida oili imepungua: inakimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inanyonya hewa. Pimeni mara moja. Ikishuka pole pole kwa miezi, fikirieni beringi au pampu. Ikishuka baada ya kubadilisha oili, ulizeni ni oili gani iliyotiwa, na kama imezidi. Ndiyo, hata ikizidi ni hatari, kwa maana krenki huipiga oili mpaka ikatoa povu, na povu halibebi chuma. Mkiona oili imepanda kwenye dipstiki bila mtu kuongeza, inuseni: pengine dizeli au petroli inavuja ndani na kuifanya nyepesi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji yameingia. Hapo gari lisiwashwe tena.

SINDANO IKIANGUKA NJIANI

Dereva asimame mahali salama na azime injini papo hapo. Asiiache ingurume "ili ipoe." Angojee dakika kadhaa, apime kwa dipstiki, achungulie chini kama kuna oili inayodondoka. Oili ikiwa imepungua, aongeze, awashe, na kama taa haizimi kwa sekunde chache azime tena. Oili ikiwa ya kutosha na injini haina sauti ya kugonga, inawezekana ni senda au swichi, lakini hakuna anayejua hapo barabarani. Gari livutwe.

Hapo gereji ndipo mnapofaa kuuliza lile swali ambalo sisi hatukuuliza: "Fundi, umepima kwa geji ya mkono?" Fundi anafungua senda, mahali pake anafunga geji ya Bourdon yenye mpira mrefu, anawasha injini mpaka ipate moto, anasoma likinguruma pole pole na tena likiwa katika mizunguko 2,000 au 3,000. Kama geji ya mkono yaonyesha vizuri, injini haina kosa, nunueni senda. Bei ya swichi au senda ya kawaida ni ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini. Geji ya mkono nayo ikionyesha chini, basi shida ni ya kweli na mnaweza kulipia kazi kubwa mkijua mnalipia nini. Fundi asiye na geji hiyo si lazima awe fundi mbaya, lakini aiazime kabla ya kugusa injini yenu. Hata katika Maandiko shahidi mmoja hakutosha kumhukumu mtu.

Na sasa mwaelewa kwa nini tulisema kosa la wale wenzetu ni baya kuliko letu. Kuiamini geji mbovu kulitupotezea pesa na siku. Kuipuuza geji nzima hupoteza injini. Kwa hivyo mpaka ipimwe, sindano ikianguka tuichukue kuwa inasema kweli.

Bado kuna jambo moja ambalo halimo ndani ya injini. Tulipoongea na yule dereva wa akina mama, kijana mpole, alituambia kwamba mwezi uliotangulia alikuwa amesimama njiani kwa sababu ya joto la injini, akachelewa soko, na kikundi kikamkata pesa za siku hiyo. "Nilijua nikisimama tena nitafutwa," akasema. Aliisikia ile ko-ko-ko. Hakusimama. Tuliporudia maneno hayo mbele ya kikundi, mama mwenyekiti alinyamaza kwa muda, halafu akaomba kitabu cha kumbukumbu kiletwe.

Siku hiyo waliandika katika kanuni zao kwamba dereva anayesimamisha gari kwa sababu ya taa au geji hatozwi faini, hata kabichi zikilala. Pia waliamua kwamba mtu wa pili, asiye dereva, apime dipstiki kila Jumatatu asubuhi na aandike mahali sindano ilipo gari likirudi likiwa moto. Tulipopita tena injini ilikuwa imetengenezwa, swichi mpya iko, na daftari limetundikwa kwa kamba nyuma ya kiti. Kurasa nne zilikuwa zimeshajaa. Katika wiki moja tu palikuwa na nafasi wazi, na mama mweka hazina alikuwa ameandika hapo kwa kalamu nyekundu: "Nani hakupima?"